Ugomvi, mzozo au mgogoro? Namna ya kuchagua neno kabla hujaandika

Soma au sikiliza habari za wiki moja tu, uone jinsi maneno mawili yalivyobebeshwa mzigo wa lugha nzima. Diwani kamjibu mwenzake kwa ukali kikaoni: mzozo. Vijiji viwili havijakubaliana mpaka tangu enzi za mababu: mzozo. Majeshi ya nchi mbili yanarushiana mizinga: mzozo pia. Neno mzozo likishachosha, linawekwa mgogoro mahali pake na mambo yanaendelea. Anayesoma hana namna ya kujua kama watu wamenuniana au wamezikana.

Na si kwamba maneno hatuna. Tunayo tele, na kila moja linakuja na hukumu yake: linasema nani kaanza, jambo limefika wapi, na kama wahusika bado wanaweza kukaa meza moja. Hukumu hiyo itamfikia msomaji hata kama wewe hukuikusudia. Hatua zifuatazo ni za mtu anayeandika: mwandishi wa habari, katibu wa kikao, mfasiri, mtunzi wa hadithi, hata mwenye barua ya malalamiko mkononi.

Hatua ya 1: Andika kwanza kilichotendeka, kwa vitenzi

Nomino huficha mengi. Kitenzi hukulazimisha useme nani kamfanya nani nini. Kwa hiyo usianze na neno "mgogoro" halafu utafute habari ya kulijaza. Anza na matendo.

Chukua katibu wa chama cha kuweka na kukopa anayeandika muhtasari: "Kulitokea mgogoro baina ya Mwenyekiti na Mweka Hazina kuhusu ripoti ya mapato." Mwanachama ambaye hakuhudhuria akisoma hapo, kesho yake asubuhi yuko ofisini anataka akiba yake. Sasa yapange yaliyotendeka. Mweka Hazina alisoma ripoti. Mwenyekiti akauliza kwa nini risiti za mwezi uliopita hazikuambatishwa. Mweka Hazina akajibu kwamba hilo si la kuulizwa mbele za watu. Mwenyekiti akapandisha sauti. Wajumbe wawili wakaingilia kati, kikao kikaendelea, na mwishoni wote wawili wakatia saini.

Ukishayaweka hivyo, mgogoro haupo. Watu hao walijibizana, basi. Kwenye muhtasari rasmi unaweza kupoza zaidi: "walitofautiana kuhusu uwasilishaji wa risiti." Kama Mweka Hazina angekataa kusaini, na kikao cha pili kikakwama kwa sababu hiyo hiyo, pangekuwa na mvutano. Kama wanachama wangegawanyika makundi mawili, kila kundi na viongozi wake, barua zikaanza kumiminika kwa mrajisi wa ushirika, huo sasa ungekuwa mgogoro, na mwanachama wetu angekuwa na haki ya kukimbilia akiba yake.

Hatua ya 2: Uliza jambo liko kinywani, moyoni au mkononi

Hapa ndipo maneno mengi yanapotengana, na hapa ndipo waandishi wengi wanapoyachanganya.

Kwanza kinywa. Neno la upole kuliko yote ni kutofautiana. Halina kelele wala lawama, na ndiyo maana wanasiasa wanalipenda: "tuna tofauti zetu" inaweza kufunika mambo mazito mno. Ndugu yake ni kuhitilafiana, ambalo lina harufu ya elimu na dini. Wanazuoni huhitilafiana kuhusu kuandama kwa mwezi, na hakuna anayetarajia wapigane. Ila jihadhari na nomino yake. Hitilafu siku hizi imehamia kwenye mitambo. Ukiandika "kuna hitilafu kati ya idara hizi mbili," wapo watakaodhani umeme umekatika.

Kubishana kunapanda ngazi moja. Kila mtu ana lake na halegezi. Hata hivyo kubishana kunaweza kuwa starehe: watu hubishana kuhusu mpira saa nzima, wakaagana wakicheka. Kuzozana hakuna starehe. Ndani ya kuzozana mna hasira na sauti za juu, na mara nyingi hoja zimeshaisha, yamebaki makelele. Ndiyo maana mzozo, kwa asili yake, ni neno la mdomo na la muda mfupi. Kulipeleka kwenye vifaru ni kulitwika lisichokiweza. Angalia pia tofauti ya ubishi na mabishano. Mabishano ni tukio, lakini ubishi unaweza kuwa tabia, na mbishi ni mtu ambaye angebisha hata kama mngemkubalia. Ukiandika "kutokana na ubishi wa mkurugenzi," umeshamhukumu. "Kutokana na mabishano kati ya mkurugenzi na bodi" inawaacha wote sawa.

Mjadala ni mlango wazi, kila mwenye neno anaingia. Mdahalo una mada, pande mbili na utaratibu wa kupokezana. Wanafunzi wa sekondari wanaujua vizuri, na wagombea urais huitwa kwenye midahalo, wengine wakakwepa. Majadiliano yanatafuta kufika mahali: kuna karatasi inayosubiri kusainiwa. Kwa hiyo serikali na chama cha walimu wakikutana kuhusu mishahara, wanafanya majadiliano. Ukiyaita mjadala, umesema hakuna kitu kitakachoamuliwa.

Malumbano yana historia ya kusikitisha kidogo. Kulumba ni kusema kwa ufasaha, na mlumbi ni msemaji hodari. Ulumbi bado unafundishwa kama kipera cha fasihi simulizi. Malumbano ya washairi yalikuwa mashindano ya akili: huyu anatunga, yule anajibu kwa vina na mizani, na mji mzima unasikiliza. Mombasa na Lamu zilijibizana kwa beti katika karne ya 19, na Muyaka bin Haji alikuwa upande wa Mombasa. Leo magazeti yanaliita malumbano kila tukio la viongozi kurushiana vijembe. Sisemi tulirudishe neno nyuma kwa nguvu. Ila kwenye maandishi ya fasihi litumie kwa heshima yake ya zamani, na kwenye habari ujue kwamba msomaji atasikia maneno mengi yasiyo na tija.

Pili moyo. Maneno ya moyoni yanahusu kilichobaki baada ya kelele kunyamaza, au kilichokuwepo kabla hazijaanza. Kinyongo ni kosa ambalo mtu hajalisamehe, kaliweka. Mara nyingi aliyekosa hajui hata kama kinyongo kipo. Mfundo ni wa aina hiyo hiyo, ila umekaza zaidi. Mtu "huweka mfundo" na hungoja siku. Chuki haihitaji kosa, mtu anaweza kumchukia asiyewahi kumkosea. Kisasi kina mpango. Na wivu, tafadhali, ubaki wivu; usiuite chuki kwa sababu tu mwenye wivu anakera.

Kimya nacho kina maneno yake. Kununa ni uso tu, na kunaweza kwisha kabla ya chakula cha jioni. Kususa ni kukataa kushiriki: mtoto anasusa chakula, mjumbe anasusa kikao. Likishakuwa tendo la pamoja lenye dai nyuma yake, ni kususia: wabunge wanasusia kikao, vyama vinasusia uchaguzi. Kugoma ni kingine. Anayegoma anasimamisha kazi ambayo alipaswa kuifanya, hata gari nalo "hugoma" njiani. Kwa hiyo wanunuzi hususia bidhaa, na wafanyakazi wa kiwanda cha bidhaa hiyo ndio wanaogoma.

Tatu mkono. Kushikana mashati ni hatua ya mpakani: mikono imefika, ngumi bado. Purukushani ni vuta nikuvute ya viungo, isiyo na mpangilio, hasa kati ya raia na askari. Inashangaza kidogo, maana kupurukusha ni kupuuza, na sasa neno hilo linafanya kazi ya kusukumana. Kupigana kunajieleza. Mapigano ni ya makundi. Pambano limebaki kwenye ulingo na uwanja wa mpira, ilhali mapambano ni neno la sifa: mtu hupambana na maradhi, rushwa, umaskini. Huwezi kusema majambazi "walipambana" na mama mjane wakamnyang'anya simu. Walimvamia.

Kuhusu vita, mambo mawili. Vita viko katika ngeli ya KI-VI, kwa hiyo "vita vimeanza," "Vita vya Kagera," hata kama mtaani unasikia "vita imeanza." La pili, vita vinahitaji pande zilizojipanga, na vina mwanzo na mwisho: Vita vya Kagera ni vya 1978 na 1979. Asubuhi moja ya fujo sokoni haifiki huko.

Hatua ya 3: Angalia neno linamlaumu nani

Hii ndiyo hatua ninayoiona muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

Anza na kiambishi kidogo, -an-. Kupiga kuna mpigaji na mpigwa. Kupigana kuna wapiganaji wawili. Sasa soma kichwa hiki, ambacho mfano wake hauadimiki: "Wanandoa wagombana, mke alazwa hospitalini." Ukifungua habari yenyewe, unakuta mwanamume alirudi usiku, akamkuta mkewe amelala, akampiga kwa ubao wa kitanda. Mwanamke hakugombana na mtu. Kitenzi "wagombana" kimegawa kosa nusu kwa nusu, na mwenye ubao ameondoka na nusu tu. Kilichotakiwa ni "Ampiga mkewe, mke alazwa." Maneno ni machache zaidi na ni ya kweli. Kila unapoandika kitenzi chenye -ana, simama ujiulize: je, kweli wote wawili walitenda?

Mzizi huo huo wa gomba ni wa kuufahamu vizuri, maana unabadilika kila unapoongezwa kitu. Kugombana ni kwa wawili. Kumgombeza mtu kunatoka juu kwenda chini: mzazi kwa mtoto, bosi kwa karani, karani hamgombezi bosi, anamjibu. Kugombanisha ni kazi ya mtu wa tatu. Kugombania ni kuvutana juu ya kitu, kama watoto wanavyogombania mpira. Kugombea kumepanda cheo hadi kwenye karatasi ya kura, na mgombea haonwi tena kuwa mgomvi, ingawa wapo wanaojitahidi kuturudisha kwenye asili ya neno.

Kuna maneno ambayo kazi yake ni kumtaja mwanzilishi. Uchokozi unasema mmoja alianza bila sababu. Chokochoko ni vichokoo vidogo vidogo vya kurudia, vya kutafuta shari, na wanawake wa pwani walishalimaliza hilo kwenye kanga: chokochoko mchokoe pweza, binadamu hutamweza. Fitina inamtaja mtu aliyesimama kando, aliyepeleka maneno huku na kule. Uchochezi umeingia sheriani na ni kosa la jinai, kwa hiyo usiliandike kwa mtu ambaye hajashtakiwa kama vile unaandika "alihimiza."

Halafu linganisha vurugu na machafuko. Vurugu inatokana na kuvuruga, na kuvuruga kunataka mvurugaji. Machafuko yanatokana na kuchafuka, na kitenzi cha namna hiyo hakina mtendaji: bahari imechafuka, hali ya hewa imechafuka, basi. Ukiandika "vurugu za wafuasi wa chama fulani," umenyoosha kidole. Ukiandika "machafuko," umeeleza hali bila kumtaja mtu. Ghasia iko katikati. Yaliyotokea Kenya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 huitwa machafuko au ghasia za baada ya uchaguzi, na kila anayechagua kati ya hayo, ajue asijue, anachagua pia ni kiasi gani cha lawama kiingie kwenye sentensi. Fujo ni nyepesi kuliko hizo zote na ina dharau ndani yake. Polisi hupenda kusema watu "walifanya fujo". Watu wenyewe watasema walikuwa wanaandamana.

Neno ninaloliogopa zaidi katika kundi hili ni sintofahamu. Limepata umaarufu mkubwa: "kumezuka sintofahamu," "sintofahamu imetanda." Linafaa pale ambapo kweli watu hawajui kinachoendelea, kwa mfano ndege imeahirishwa na hakuna aliyetoa taarifa. Lakini linatumiwa kufunika mambo ambayo kila mtu anayafahamu fika. Watu wamefukuzwa kwenye nyumba zao na mabaunsa, gazeti linasema "sintofahamu." Hapo kila kitu kinafahamika, kasoro jina la aliyewatuma mabaunsa.

Kwenye historia lawama inaingia kupitia jina la tukio lenyewe. Mapigano ya pwani ya Tanganyika ya 1888 na 1889 Wajerumani waliyaita uasi wa Waarabu. Sisi tunasema vita vya Abushiri. Ya 1905 hadi 1907 waliyaita uasi pia. Kwetu ni Vita vya Maji Maji. Uasi unadhani kulikuwa na mtawala halali wa kuasiwa. Vita vinawapa pande mbili hadhi sawa. Januari 1964 inaonyesha jambo jingine: tarehe 12 Zanzibar kulikuwa na Mapinduzi, na siku chache baadaye wanajeshi wa Tanganyika walifanya maasi. Mapinduzi ni pale utawala unapoangushwa. Maasi ni pale wenye silaha wanapokaidi amri na utawala ukabaki. Ukiandika habari za nchi nyingine, subiri ujue matokeo kabla ya kuchagua.

Hatua ya 4: Pima muda, na uliza kinachogombewa ni nini

Mgogoro una mambo mawili ambayo ugomvi hauna: una muda, na una jambo lililokwama katikati, mara nyingi haki au mali. Ugomvi unaweza kuzuka kwa neno moja na kwisha kwa neno moja. Mgogoro una mafaili. Wakulima na wafugaji wa Kilosa au Kiteto wana mgogoro wa ardhi miaka yote, hata mwezi ambao hakuna aliyeinua fimbo. Siku fimbo zinapoinuliwa, hayo ni mapigano, na yanatokea ndani ya mgogoro. Mwandishi anayesema "mgogoro umeua watu" ameficha waliouawa na waliowaua.

Taasisi zimelichukua neno kwa maana hiyo hiyo. Tanzania ina sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi ya 2002, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hushughulikia migogoro ya kikazi. Wanafunzi wa fasihi nao wana migogoro yao: ya nafsi, ya kifamilia, ya kitabaka. Mgogoro wa nafsi hauna kelele hata kidogo, mhusika anavutana na dhamiri yake peke yake chumbani. Ndiyo maana wapenzi wa ushairi walisema "mgogoro wa ushairi" kwa yale ya miaka ya 1970 kati ya wanamapokeo, walioshikilia vina na mizani, na wanamabadiliko walioviacha. Hakuna aliyeshikana shati. Jambo lenyewe halikwisha, na mpaka leo ukiuliza shairi ni nini utapata majibu mawili.

Mvutano ni mfupi kuliko mgogoro, na ndani yake wote wameshika kitu kimoja, hakuna anayeachia. Bunge na wizara huvutana juu ya bajeti. Msuguano ni wa watu wanaolazimika kufanya kazi karibu karibu. Mkwaruzano ni mdogo zaidi, alama imebaki lakini hakuna kilichovunjika.

Mgongano umeshafungwa kwenye matumizi machache na ni vyema ubaki huko. Mgongano wa maslahi ni istilahi ya maadili ya uongozi, ya mtu anayetoa zabuni kwa kampuni ya shemeji yake. Ukiandika "mgogoro wa maslahi," umegeuza kosa la mtu mmoja kuwa ugomvi wa wawili. Kwa maelezo na ushahidi, tumia kukinzana: taarifa zinakinzana, mashahidi wawili wamekinzana. Na anayepinga kwa utaratibu wa kisheria anaweka pingamizi. Halalamiki, hagomi, habishi.

Hatua ya 5: Uliza wahusika walikuwa nani kwa wenzao kabla ya hapo

Mfarakano unahitaji umoja uliotangulia. Ndugu hufarakana, washirika wa kanisa hufarakana, waasisi wa chama hufarakana. Wapita njia wawili waliogongana mabega hawawezi kufarakana. Kukosana nako kunadai uhusiano: "Wamekosana" maana yake walikuwa wanapatana. Usikuchanganye na kukoseana, ambako ni kutendeana makosa. Watu wanaweza kukoseana kila siku na wasikosane, ndoa nyingi zimedumu hivyo.

Kwa ndugu, neno letu ni kugombana, na methali imeliweka makusudi: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Jaribu kuweka "wakihasimiana" hapo uone. Methali inavunjika, kwa sababu uhasama haumalizwi na msimu mmoja wa mvua. Hasimu ni mtu ambaye kushindana naye kumekuwa sehemu ya utambulisho wako.

Mpinzani hana uhusiano na hilo. Mpinzani ana kazi: kupinga kwa hoja. Tangu vyama vingi virudi, Kenya 1991 na Tanzania 1992, upinzani ni nafasi ndani ya mfumo, na mwandishi anayeandika "maadui wa kisiasa" pale ambapo "wapinzani" lingetosha ameongeza petroli bila kuombwa. Adui hapatanishwi, hushindwa. Ndiyo maana uhuru ulipopatikana mwaka 1961 Tanganyika ilitangaza maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini. Hakuna aliyependekeza wakae nao mezani.

Na kuna utani, ambao mgeni huuona kama ugomvi mkali. Mchaga na Mpare wanaweza kutupiana maneno ambayo yangewapeleka wengine polisi, na hakuna anayekasirika, kwa sababu ni watani. Waandishi wa michezo walifanya jambo la busara kuwaita Simba na Yanga watani wa jadi badala ya mahasimu. Klabu hizo ni za miaka ya 1930, mashabiki wake wanaishi nyumba moja, na neno watani limesaidia kuweka matusi ya siku ya mechi ndani ya mipaka ya mzaha. Mara nyingi, angalau.

Hatua ya 6: Jaribu neno kwa kitenzi kinachofuatana nalo

Kila neno lina vitenzi vyake, na kitenzi kikikataa kukaa, huenda nomino ndiyo yenye kosa. Ugomvi huzuka na huamuliwa; anayeamua ugomvi ni yule anayesimama katikati na kuwatenganisha, hata kama hajui nani ana haki. Mgogoro hufukuta na hutatuliwa. Kinyongo huwekwa na huondolewa. Fitina hutiwa. Ghasia hutulizwa, uasi huzimwa. Mjadala huibuka, hupamba moto, hufungwa. Vita hupiganwa. Kisasi hulipizwa. Ukijikuta unaandika "kuamua mgogoro wa ardhi kwa kuwatenganisha," kuna kitu hakijakaa sawa.

Upande wa kumaliza nako si sawa kote. Suluhisho ni jibu la tatizo, suluhu ni hali ya kuacha kugombana. Bomba lililopasuka linahitaji suluhisho. Majirani wanaolaumiana kwa ajili ya bomba hilo wanahitaji suluhu. Msuluhishi husikiliza pande zote na kutafuta zinapoweza kukutania. Mwamuzi hutoa uamuzi ukubaliwe au usikubaliwe, na hata jina la ile Tume linayaweka mambo hayo mawili mbalimbali. Mpatanishi anashughulika zaidi na mioyo.

Zanzibar ilitufundisha tofauti nyingine. Vyama vya CCM na CUF vilitia saini mwafaka mwaka 1999, vikarudia 2001. Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana mwaka 2009, neno lililoshika likawa maridhiano, na kura ya maoni ya Julai 2010 ikafungua njia ya serikali ya umoja wa kitaifa. Mwafaka ni makubaliano juu ya masharti. Maridhiano yanatoka kwenye kuridhia, na yanamtaka kila mmoja aseme ameridhika. Kenya nayo ilipata neno lake Machi 2018, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga waliposhikana mikono: handisheki, ambalo tangu siku hiyo halimaanishi kushikana mikono tu.

Hatua ya 7: Pima uzito wa kimtaa, na ujue msomaji yuko upande gani wa mpaka

Lugha ina maneno yenye kicheko ndani yake: kasheshe, kizaazaa, songombingo, patashika, mshikemshike. Ni matamu, yanafaa kwa mechi, harusi iliyokosa ukumbi, kikao kilichoisha kwa mikono hewani. Palipomwagika damu hayaingii. Kichwa kinachosema "Patashika mgodini, watatu wafa" kinaumiza waliofiwa, na mhariri aliyekipitisha alikuwa amesinzia. Bifu iache kwa wasanii na mashabiki wao. Mawaziri wawili wenye bifu wanageuka vichekesho, labda kama hicho ndicho unachokitaka.

Mwisho ni mpaka. Kwenye vyombo vya Kenya mzozo hubeba mengi ambayo Tanzania yangeitwa mgogoro, na hilo unaweza kuliacha lilivyo, wasomaji wanaelewana. Kuteta ni hatari zaidi. Kamusi zinalipa neno hilo maana ya kugombana na pia ya kunong'ona au kusengenya, na kila upande umechukua kipande chake. Kichwa kinachosema "Waziri ateta na madaktari," Dar es Salaam kitasomwa kwamba wamekaa faragha wakazungumza. Nairobi, ambako wakulima "huteta" bei ya kahawa ikishuka, msomaji atategemea kukuta malalamiko ndani. Kama habari yako itasomwa pande zote mbili, andika "azungumza faraghani na," au andika "awalalamikia," kulingana na kilichotokea chumbani.